Mwaka Niliong'oa Reli

Barasa amekufa, na mimi ndiye niliambiwa nisimame niseme neno, kwa sababu kwa wale wote waliokaa kwenye viti vya plastiki pale kanisani, mtaa wa Olympic, hakuna mwingine aliyemjua akiwa kijana mwenye meno yote. Nikasimama. Nikasema marehemu alikuwa fundi hodari, mkono wake wa kushoto peke yake ulikuwa unashinda mikono yenu yote miwili, watu wakacheka kidogo vile watu wanacheka matangani, nikakaa. Kijana wake mkubwa, Wanjala, ambaye siku hizi anatafuta kura huko nyumbani, akainama kwa sikio langu akasema, "Mzee, ongeza hapo kwa maendeleo. Waambie vile baba alikuwa wa kwanza kupeleka kazi mashinani." Nikamwambia koo limekauka. Wakaniletea chai. Chai ya matanga sijui kwa nini huwa na maji mengi na sukari nyingi hivyo, ni kama wanataka ulie na ufurahi pamoja. Nikaimaliza, nikachukua fimbo yangu, nikarudi huku Gatina, Kawangware. Sasa nimekaa kwa meza na kalamu. Shule nilifika darasa la pili, mtu asiniulize vituo na herufi kubwa. Yale sikusema pale kanisani ndiyo haya, na ni mambo ya mwaka mmoja tu. Baba yangu alikuwa nani na tulikuwa na ng'ombe ngapi, hayo sitayagusa, kila mtu alikuwa na baba.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Mimi na Barasa tulikuwa tunakaa Makina, Kibera, kwa nyumba ya Mama Zuhura, mama Mnubi ambaye babu yake alikuwa askari wa zamani na aliachwa pale na serikali ya wazungu kama mtu anavyoacha kiti nje usiku. Nyumba ilikuwa ndefu, ya udongo, na vyumba vimepangana kama mahindi kwenye gunzi. Kuta zilipanda mpaka kimo cha mtu halafu zikachoka, hazikufika kwenye bati, kwa hivyo ukipiga chafya chumba cha kwanza, unaambiwa pole chumba cha mwisho. Chumba changu kilikuwa na kitanda, jiko, na kamba ya nguo. Cha Barasa kilikuwa hivyo hivyo, lakini yeye alikuwa amekuja na mkewe, kwa hivyo chake kilinuka mboga, changu kilinuka viatu. Mke wangu Rasoa alikuwa nyumbani, ng'ambo ya mto Nzoia, na watoto. Mama Zuhura alikuwa anapika gurusa asubuhi, zile chapati zao laini, na harufu ilikuwa inapita juu ya kuta zote bila kubisha hodi. Siku zingine alinipa moja akisema, "Kula, Makokha, mwanamume hawezi kushinda na chai kavu akagonga chuma." Nilikula mbele ya nyumba yake, halafu navuka njia, na tayari niko kazini.

Kazi yetu ilikuwa bati. Tulikuwa tunanunua mapipa ya mafuta yaliyotumika, tunayapasua, tunayanyoosha, tunatengeneza masanduku ya shule, karai, majiko na koroboi. Tulikuwa mafundi wengi pale kando ya njia, kelele zetu zilikuwa zinafika mpaka kwenye garimoshi. Na hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hutaelewa nilivyouawa mchana watu wakiona. Pale hakuna mtu alikuwa na karatasi ya mahali. Hata Mama Zuhura mwenyewe, na nyumba yake, hakuwa na karatasi. Sasa fundi alikuwa anashikaje mahali pake? Alikuwa anashika kwa reli. Kila fundi alikuwa na kipande cha chuma cha reli, kimezikwa ardhini nusu, na juu yake ndiyo tulikuwa tunagongea. Reli yako ikiwa imezama pale, pale ni pako, hata uwe mgonjwa, hata uende nyumbani kuzika. Lakini mahali hapakubaliwi kulala kimya. Ukisafiri unamwambia jirani, "Nigongee," na yeye kila asubuhi kabla ya kazi yake anaenda kwa reli yako anapiga kidogo, ta ta ta, basi, watu wajue mwenyewe yuko hai. Nimemgongea Barasa mara nyingi. Naye amenigongea mara nyingi. Na mtu aking'oa reli yake, huyo ameaga. Hakuna kesi hapo, hakuna mzee wa kuitwa. Shimo likibaki wazi, atakayetia reli yake ndiye mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hatukuandikiwa na mtu, tuliitengeneza wenyewe, na tulijivunia sana kwamba haikuwa na wakili.

Basi mwaka huo chifu akaita baraza. Alikuja na bwana mmoja wa mipango, mnene wa shingo, suti ya rangi ya majani makavu, na ramani kubwa ambayo vijana wawili waliishika ncha na upepo ukaipiga piga usoni mwao. Yule bwana aliongea vizuri, siwezi kumnyima hiyo. Alisema nchi ni kama mtu. Nairobi ni kichwa, na kichwa kimenona, lakini miguu huko mashambani imekuwa myembamba. "Mtu wa kichwa kikubwa na miguu ya korongo atatembea?" akauliza. Tukasema hatatembea. Akasema serikali imeamua kupeleka damu miguuni. Mafundi wenye mikono kama sisi watajengewa karakana huko makwao, saruji chini, bati juu, stima ndani, na wateja watakuwa wengi kwa sababu kila mtoto wa mashambani sasa anakwenda shule na kila mtoto anahitaji sanduku. Mzee mmoja wa kushona viatu akauliza, "Na hapa tukitoka, hapa patakuwa nini?" Bwana akacheka, akasema, "Mzee, wewe unaenda mbele, unaangalia nyuma ya nini?" Watu wakacheka, na yule mzee akakaa. Hotuba hiyo nimeisikia tena mara nyingi katika maisha yangu. Miguu tu ndiyo inabadilishwa jina. Mara vijijini, mara wilayani, siku hizi wanasema mashinani. Kichwa kinabaki kichwa.

Barasa ndiye aliyachukua maneno hayo akayaleta nyumbani kama mtu ameleta nyama. Alikuwa amesoma kunishinda, alijua kujibu Kizungu kidogo, na yule bwana wa mipango alimpenda, nikawaona wamesimama pamoja kando ya ramani. Jioni Barasa alikuwa anakuja kukaa kwa kitanda changu, mimi nakoroga ugali, yeye anaongea. "Makokha, wewe una watoto hawakujui. Ukienda Krismasi wanakimbilia nyuma ya mama yao." Kweli. "Rasoa anapiga jembe peke yake kama mjane." Kweli. "Sasa serikali inakujengea kazi mlangoni kwako, unangoja nini, ikubebe mgongoni?" Nikamwuliza, na wewe? "Mimi nakufuata. Nimalizie haya masanduku ya duka la Muhindi, halafu Pasaka unaniona." Nikamwambia basi nitaacha reli yangu hapa, anigongee, mpaka nione huko kukoje. Akachukua mwiko mkononi mwangu akakoroga ugali mwenyewe, kwa ule mkono wa kushoto. Akasema, "Huko kwetu reli utapata wapi? Garimoshi linapita kwa kina nani? Fundi anayetoka Nairobi akiingia soko la kwao mikono mitupu, huyo ni fundi au ni mtu wa kutembea?" Nikasema, na mahali pangu? Akasema, "Mahali pako ni mdomo wangu. Mimi nikisema hapa ni pa Makokha, nani atabisha?"

Nikaona ni kweli. Fikiria wewe, mtu mliyetoka naye kijiji kimoja, mmelala kwa gunia moja mkifika Nairobi. Jioni nyingine nimelala chali, kabla ya kuwasha koroboi, nikasikia juu ya ukuta Mama Wanjala akimwuliza mume wake, "Na sisi tunaenda lini? Nimwambie mama yangu atutafutie mbegu?" Barasa akasema, "Wewe pika." Akauliza tena, "Lakini umemwambia mwenzako Pasaka." Barasa akasema, "Nimesema pika." Nilicheka peke yangu pale kitandani. Nikadhani ni mwanamume anachoka na maswali ya mwanamke. Mtu anaweza kuambiwa kifo chake juu ya ukuta na akacheka.

Siku ya kung'oa, mafundi walinisaidia. Reli ilikuwa imezama sana, tulichimba pande zote, tukaitikisa kama jino. Hakuna aliyeniambia neno baya, lakini niliona wengine wameweka nyundo chini wanaangalia mahali pengine. Mama Zuhura alisimama mlangoni na kanga yake. Akasema, "Makokha, unaing'oa kabisa?" Nikasema, "Naipeleka kwa kazi, mama." Akasema, "Sawa, mwanangu," lakini hakuniambia karibu tena, na mama huyo alikuwa anaambia kila mtu karibu tena, hata mwenye kuja kudai kodi ya takataka. Barasa ndiye alibeba upande mmoja wa reli mpaka kwa basi. Utingo akauliza hiki ni nini, tukamwambia ni kiwanda.

Karakana ilikuwepo, nisiseme uongo. Ilikuwa nzuri. Saruji laini hata watoto walikuja kuteleza. Siku ya kufungua walikuja wakubwa na yule bwana wa mipango, na lori lilileta jenereta ikafungwa nyuma ya ukuta, na taa zikawaka mchana wa jua kali. Wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili ya taa. Mimi niliambiwa nivae ovaroli mpya na nigonge wakati wakubwa wanapita, nisigonge wakati wanahutubu. Nikagonga. Nikapigwa picha. Rasoa alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, anaangalia watu wanavyoniangalia. Jioni lile lori likarudi, vijana wakafungua jenereta, wakaiinua wakaipakia. Na ovaroli wakaichukua. Nikauliza stima inakuja lini, dereva akasema, "Nguzo ziko njiani." Labda bado ziko njiani.

Lakini siwezi kukudanganya kwamba nililia. Miezi ile ya kwanza ilikuwa tamu. Nilikuwa nakula ugali wa wimbi nyumbani kwangu mchana, na mboga ya mrenda, na mtoto wangu mdogo alikuwa anakuja karakana ananyamaza kwa kona ananiangalia, mpaka akaacha kuniogopa. Rasoa alianza kuimba akipepeta. Sijawahi kumsikia akiimba kabla, nilikuwa mtu wa Krismasi. Masanduku ya kwanza niliyatengeneza kwa mapipa niliyotoka nayo, na watu wakanunua, wakisifu. Halafu mapipa yakaisha. Hapo ndipo nilianza kusoma ramani ya yule bwana kwa mguu wangu. Mapipa yako wapi? Nairobi, kwenye magari na viwanda. Riveti, ile misumari mifupi ya kushikanisha bati, ziko wapi? Nairobi. Rangi? Nairobi. Ili nitengeneze sanduku la mtoto wa jirani yangu ilibidi bati litoke Nairobi lipande basi lije, likishafika limekuwa ghali kama mahari. Waliniletea saruji wakaacha chuma. Ni kama kumpa mtu sufuria nzuri sana na kumwambia unga utaona mbele.

Nikamtumia Barasa maneno na mtu wa basi, anitafutie mapipa, na akija Pasaka aje nayo. Pasaka ikafika, Barasa hakufika. Ikaja shule kufungua, nikasema sasa watu watanunua, na nilikuwa nimebakiza masanduku machache ya mwisho. Siku ya soko nikayapanga mbele ya karakana, nimeyapaka rangi ya samawati. Lori likaja likasimama pale chini kwenye mvule, vijana wakafungua turubai, na ndani yake ni masanduku. Yamepandana mpaka juu. Wakauza kwa bei ambayo mimi ni bati tu ningenunua, kabla sijagusa nyundo. Watu wangu, waliokuwa wananisifu, walinipita na macho chini wakielekea kwa lori. Mmoja akaniambia, "Pole, Makokha, ni watoto wengi." Nikamwambia sina neno. Nikashuka nami nikaangalia. Nikachukua sanduku moja nikaligeuza. Kila fundi ana mkono wake, kama mwandiko. Barasa ni wa kushoto, na riveti yake huwa inalala kidogo, kichwa chake kinaangalia upande ule usio wa watu wengi. Riveti zote zilikuwa zinaangalia upande ule. Nikapitisha kidole kwa pembe, na pembe ilikuwa imekunjwa mara mbili kwa ndani, ili isikwaruze mtoto. Hiyo ya kukunja mara mbili nilimfundisha mimi.

Niliporudi karakana Rasoa alikuwa ameketi juu ya sanduku ambalo halikununuliwa. Nilipomwambia lazima niende Makina nikaone, alisema, "Enda. Lakini usiniambie utatuma. Mwaka huu nilikuwa nimesahau hilo neno." Yeye alishatangulia, Mungu amlaze pema. Ile karakana baadaye ushirika waliweka mahindi, halafu kanisa likaomba, halafu mbuzi hawakuomba.

Nilifika Makina asubuhi ya jua, moja kwa moja kutoka kwa basi. Kelele ilikuwa ile ile, nikaijua kwa mbali kama mtu anavyojua sauti ya mama. Lakini mafundi walikuwa wachache, na wamekaa kwa nafasi, na mbele ya nyumba ya Mama Zuhura kulikuwa na kibanda kirefu kimeshika mahali pa Barasa, mahali pangu, na mahali pa yule mzee wa viatu. Vijana wa kuajiriwa walikuwa ndani wanagonga. Pale kwenye shimo langu kulikuwa na reli mpya, imekaa vizuri, imeng'aa juu. Barasa hakuwepo. Mama Zuhura akanivuta kando, kwenye kivuli cha ukuta, akaongea akiangalia njia. "Wewe ulidhani walikuwa wanawapeleka kwenu kwa mapenzi? Bwana yule alitaka hapa pasafishwe. Alimwambia mwenzako, toa hawa kwa mdomo, nisilete askari wa kubomoa, na wewe utabaki na njia yote. Nilisikia kwa masikio yangu, walikaa hapa hapa wakinywa chai yangu." Nikamwuliza, mama, mbona hukuniambia? Akasema, "Nilikuuliza unaing'oa kabisa. Mimi pia nakaa hapa bila karatasi, mwanangu. Ningeuliza mara ngapi?"

Barasa akaja amevaa shati jeupe. Alinisalimu kwa lugha ya kwetu, "Mulembe, ndugu yangu," na mkono wa kushoto ukanishika bega. Nikamwambia nimerudi mahali pangu. Vijana wakapunguza kugonga. Wale mafundi wa zamani wakaacha kabisa, nikaona sasa kesi imeita watu wake, nikafurahi. Barasa hakukasirika. Akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anauliza saa, "Reli yako iko wapi?"

Nikasema, "Iko nyumbani."

"Basi na wewe uko nyumbani."

Niliangalia wale mafundi mmoja mmoja. Nilikuwa nimewagongea wote, wakizika, wakioa. Mmoja akakohoa, akainua nyundo yake, ta. Mwingine akafuata. Wakarudi kazini, na hawakuwa na kosa, sheria ilikuwa ile ile tuliyojivunia. Nimefikiri sana juu ya hilo. Serikali ilinidanganya kwa ramani, na ramani si yangu, naweza kuitukana mpaka kesho. Lakini Barasa alinimaliza kwa kitu ambacho ni mimi na yeye tulikitengeneza.

"Usikae na njaa," akasema. "Twende nyumbani." Na kweli nilikuwa na njaa, sijakula tangu jana yake, na miguu ilimfuata. Alikuwa ameunganisha chumba chake na changu, ule ukuta mfupi wamevunja, mahali pa kitanda changu pana meza na kitambaa kilichofumwa. Mama Wanjala alipika kuku. Nilisikia kuku yule akishikwa, nikasikia mafuta yakilia, na muda huo wote tuliulizana mvua. Mama Wanjala alipoleta chakula aliweka bakuli mbele yangu na hakunitazama usoni. Juu ya nyama, peke yake, alikuwa ameweka imondo.

Imondo ni firigisi ya kuku. Kwetu kipande hicho ni cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba hamwachii mtu ila mgeni wa heshima. Miaka yote nimekula kwa Barasa, nimekula shingo, nimekula miguu, nimekula mchuzi mtupu, tukagombania mfupa na kucheka. Hajawahi kunipa imondo, na mimi sikuwahi kumpa, kwa sababu hakuna aliyekuwa mgeni wa mwenzake pale Makina. Barasa akasema, "Karibu, mgeni wetu." Ningeweza kuirudisha. Nilijua nikiirudisha nimetangaza vita, na nikiila nimekubali. Mama Wanjala alikuwa amesimama na maji ya kunawa. Nikaila. Firigisi ni ngumu, inatafunwa muda mrefu, na walingoja wote wawili mpaka nikameza.

Halafu nikafanya vile mgeni anafanya. Nikashukuru chakula, nikasema nimeona nyumba, nikaomba njia. Barasa akanisindikiza, vile mwenyeji anasindikiza. Tukapita mbele ya kibanda, kijana mmoja pale kwa shimo langu akainua kichwa akasema, "Karibu tena, mzee." Sikuwa hata na mvi. Tulipofika njia panda Barasa akasimama, akanipa mkono, akasema, "Haya. Salimia watu wa nyumbani."

Nikamwambia salamu zitafika. Upande wa kulia ndio wa basi za kwetu. Mimi nikageuka kushoto, njia ya Kawangware, ambako sikuwa na mtu wala chuma, na yeye alikuwa bado amesimama pale ananiona.